Mfumo mwepesi kwenye laptopu ndogo: wingu limetoka wapi, na kwa nini halikufika Mukuyuni

Nilikuwa kimya kidogo, kazi za wateja zilinibana. Leo naandika nikiwa nyumbani Mukuyuni, Makueni, na mada ni mifumo endeshi ile myepesi inayotegemea wingu. Ni ile ambayo ukiwasha laptopu unakuta kivinjari na vitu vichache tu, na mengine yote (barua, picha, nyaraka) yako kwenye seva za mtu mwingine, mahali pengine. Nimekuwa nikiijaribu kwenye laptopu ndogo kwa wiki tatu sasa. Lakini sitaanza na majaribio. Ukitaka kuelewa kwa nini mifumo hii iko ilivyo, na kwa nini mingine ilikufa, ni lazima urudi nyuma karibu miaka ishirini.

Sifanyi hivi kwa udadisi tu. Chuo kidogo cha ufundi hapa karibu kimepewa na wahisani laptopu kumi na mbili za inchi 10, zile tulizokuwa tukiziita netibuku. Prosesa ni Intel Atom N270 ya 1.6GHz, RAM 1GB, diski 160GB. Mwalimu wa kompyuta anataka ushauri wa kitu cha kuweka humo ndani, na kuna mtu alishamwambia kwamba dawa ya mashine dhaifu ni mfumo wa wingu, kwa sababu kazi nzito inafanywa kwingine. Chuo hakina kompyuta nyingine. Wanafunzi ni wa ushonaji, useremala na umeme, na kwa wengi wao hii ndiyo kibodi ya kwanza kuigusa. Muhula ukianza na mashine hazifanyi kazi, zitakuwa pambo la stoo, na wahisani wenyewe hawana tabia ya kurudi mara ya pili.

Haya, turudi nyuma.

Novemba 2005, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu jamii ya habari mjini Tunis, Nicholas Negroponte na Kofi Annan walionyesha laptopu ndogo ya kijani yenye mkono wa kuzungusha ili kuzalisha umeme. Huo ndio mradi wa One Laptop per Child, na bei iliyotajwa ilikuwa dola 100. Ilipotoka kiwandani 2007 mkono ule haukuwepo tena na bei ilikuwa karibu dola 200. Hata hivyo wazo lilikuwa limeshawatia presha wakubwa wa viwanda, kwamba kuna mamilioni ya watu wanaohitaji kompyuta ndogo, ya bei ya chini, isiyo na mbwembwe. Oktoba 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ikaanza kuuza Eee PC 701. Kioo inchi 7, RAM 512MB, hifadhi 4GB tu isiyo na diski inayozunguka, na ndani yake Linux aina ya Xandros yenye vitufe vikubwa kama vya simu. Ilinunuliwa kama maandazi ya moto. Ndani ya mwaka mmoja kila kampuni ilikuwa na ya kwake.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Windows Vista haikuweza kukaa kwenye mashine hizi, ilikuwa nzito mno, na Microsoft ilikuwa imepanga kuacha kuuza XP katikati ya 2008. Ilipoona Linux inaota mizizi kwenye netibuku, mnamo Aprili 2008 ikatangaza kwamba XP Home itaendelea kuuzwa hadi 2010, lakini kwa kompyuta ndogo za bei nafuu peke yake. Ili kiwanda kipate leseni hiyo ya bei ya chini, mashine ilitakiwa isivuke kiwango fulani cha kioo, diski na RAM. Kikomo cha RAM kilikuwa 1GB. Kwa hiyo ile 1GB ninayoiona kwenye mashine za chuo haikutokana na ubahili wa fundi wa kiwandani. Ni mpaka uliochorwa kwenye mkataba wa leseni, na baada ya karibu miaka ishirini bado unatusumbua hapa Ukambani!

Basi ukishakuwa na mamilioni ya mashine dhaifu, lazima mtu aseme, kwa nini kazi isifanyike kwingine? Wazo lenyewe ni kuukuu. Sun Microsystems tangu miaka ya 1980 walikuwa wakihubiri kwamba mtandao ndio kompyuta. Katikati ya miaka ya 1990 Larry Ellison wa Oracle alizunguka dunia akinadi kompyuta ya mtandao, isiyo na mambo mengi ndani, ya chini ya dola 500. Haikwenda popote, kwa sababu kompyuta za kawaida zilishuka bei na watu nyumbani walikuwa bado kwenye modemu za simu. Kilichobadilika baadaye ni upande wa seva. Gmail ilikuja Aprili 2004. Agosti 2006 Amazon wakaanza kukodisha kompyuta zao kwa saa kupitia huduma ya EC2, ambayo (wengi hushtuka nikiwaambia) ilitengenezwa kwa sehemu kubwa na timu iliyokuwa Cape Town. Kwa maana hiyo wingu la kisasa lina damu ya Afrika, ingawa Amazon walisubiri hadi Aprili 2020 ndipo wakafungua vituo vyao wenyewe mjini humo.

Mwishoni mwa 2007 Walmart huko Marekani ilikuwa ikiuza kompyuta ya dola 199 yenye mfumo ulioitwa gOS. Ilikuwa Ubuntu iliyovalishwa aikoni za Gmail, YouTube na Google Docs chini ya kioo, kama njia za mkato. Huko Uhispania kulikuwa na eyeOS tangu 2005, kompyuta nzima ndani ya ukurasa wa wavuti. Lakini uliopendwa kuliko yote na watu wa netibuku ulikuwa Jolicloud wa Paris, kazi ya Tariq Krim, yule aliyeanzisha Netvibes. Toleo la 1.0 lilitoka 2010, na 2011 likaitwa Joli OS. Chini yake kulikuwa na Ubuntu, na juu kulikuwa na ukurasa mmoja wa wavuti uliopangwa aikoni kubwa kubwa. Ukiongeza programu kwenye mashine moja, inatokea kwenye nyingine. Ulikuwa mzuri kwa macho, na ulifanya Atom ionekane kama ina nguvu.

Sasa tuiache Paris tutazame kwetu, kwa sababu hapa ndipo historia yangu inapoachana na ile ya magazeti ya Ulaya.

Tarehe 7 Julai 2009 Google ilitangaza kwamba inatengeneza Chrome OS, mfumo wa netibuku ambao kila kitu chake ni wavuti. Tarehe 23 Julai, siku kumi na sita tu baadaye, mkongo wa SEACOM ulizinduliwa rasmi na Mombasa ikaunganishwa na dunia kwa faiba. Mkongo wa TEAMS, uliotoka Fujairah, ulikuwa umeshatia nanga Mombasa Juni mwaka huohuo, na Rais Kibaki alikwenda kuupokea mwenyewe. Kabla ya hapo pwani yote ya Afrika Mashariki haikuwa na faiba ya baharini. Barua pepe ya kutoka Nairobi kwenda London ilipanda kwa setilaiti na kushuka. Kwa hiyo mwezi uleule ambao wenzetu waliambiwa waanze kuishi mtandaoni, sisi tulikuwa ndiyo kwanza tunaunganishiwa waya.

Kwa waliokuwa wadogo wakati ule (mimi nilikuwa shule ya msingi), hebu tupige hesabu. Diski moja ya Ubuntu ilikuwa na 700MB hivi. Kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde, ambayo saiba nyingi ziligawana watu kumi, kuivuta kungechukua saa 24 kamili bila kukatika. Ndiyo maana kampuni ya Canonical ilikuwa na huduma ya ShipIt. Unajaza fomu, nao wanakutumia sidii za Ubuntu bure hadi kwenye sanduku lako la posta. Huduma hiyo ilidumu hadi Aprili 2011. Nimewahi kuona sidii hizo kwa wakubwa wangu wa kazi, bado ziko kwenye bahasha zake za kadibodi, na wanazitunza kama vyeti vya ndoa. Linux ilifika Kenya kwa posta.

Ila ukisema hatukuwa na wingu utakuwa umekosea. Tulikuwa nalo tangu 6 Machi 2007, siku M-Pesa ilipozinduliwa. Angalia lilivyojengwa. Mkononi una simu ya kadhia, na ndani yake menyu fupi iliyoandikwa kwenye laini ya simu. Hesabu yako haiko kwenye simu hata kidogo, iko kwenye seva. Na seva zenyewe hazikuwa Nairobi. Zilikaa Ujerumani hadi 2015 ndipo zikahamishiwa Kenya! Mama wa sokoni Mukuyuni alikuwa akimlipa mtu wa bodaboda, na daftari la malipo hayo lilikuwa Ulaya. Hiyo ni kompyuta ya wingu halisi kuliko chochote alichokinadi Ellison.

Kwa nini ile ilifanya kazi, na netibuku ya wingu ikashindwa? Nimeliwaza sana hili swali, na jibu langu ni ukubwa wa ujumbe. SMS moja ni baiti 140. Ukurasa wa wavuti wa kawaida leo unafika megabaiti mbili bila kutoa jasho, yaani kama SMS 14,000. Tunaposema mfumo ni "mwepesi" huwa tunatazama diski na RAM. Huko kweli umepungua uzito, lakini uzito uliotolewa kwenye diski umepakiwa barabarani, na kwetu barabara inalipiwa kwa megabaiti. M-Pesa ilikuwa nyepesi barabarani. Chrome OS ilikuwa nyepesi mezani tu.

Walioitengeneza walilijua hilo, kwa kiasi fulani. Novemba 2009 Google walionyesha mfumo wao ukiwaka kwa sekunde saba na wakaachia msimbo wake kwa jina la Chromium OS. Desemba 2010 wakagawa laptopu nyeusi ya majaribio, Cr-48, yenye Atom, RAM 2GB na hifadhi 16GB. Kule Marekani ilikuja na intaneti ya simu ya bure kwa miaka miwili, MB 100 kwa mwezi. Mia moja! Kwa kurasa za leo hizo ni kurasa hamsini halafu mwezi umekwisha. Chromebook za kwanza za kuuzwa, za Samsung na Acer, zilitoka Juni 2011. Na wakati huo, sikiliza, ulikuwa huwezi kuandika waraka wa Google Docs bila mtandao. Kulikuwa na kiongezo kiitwacho Gears tangu 2007 kilichoruhusu jambo hilo, lakini mnamo Mei 2010 Docs zikaacha kukitumia. Uwezo wa kuhariri nje ya mtandao ulirudi 2012. Yaani kompyuta ambayo kazi yake yote ni wavuti ilizaliwa katika kipindi ambacho wavuti haukuweza kufanya kazi peke yake. Mtu wa Mountain View huenda hakuona tatizo. Mtu wa Mukuyuni angeliona siku ya kwanza, mvua ikianza.

Netibuku zenyewe zilikuwa zinakufa. iPad ilitoka Aprili 2010 ikala soko, na kufikia mwanzo wa 2013 Asus walikuwa wameacha kutengeneza Eee PC. Jolicloud ilihangaika kwa kugeuka hiki na kile hadi ilipofunga huduma zake tarehe 1 Aprili 2016. Chrome OS ndiyo iliyobaki, ikaingia mashuleni Marekani kwa wingi. Kampuni ya Neverware ya New York ilichukua Chromium OS ikaifanya iweze kuwekwa kwenye kompyuta kuukuu, ikaiita CloudReady. Google wakainunua Desemba 2020, na tangu Julai 2022 tuna ChromeOS Flex, ya bure, ya kuweka kwenye laptopu uliyo nayo.

Majaribio sasa.

Nilianza na Joli OS, kwa sababu ndiyo iliyotengenezwa kwa mashine za aina hii hasa. Faili la usakinishaji bado linapatikana kwenye hifadhi za zamani. Linaingia kwenye Atom bila shida yoyote, kadi ya Wi-Fi inatambuliwa, taa zinawaka. Halafu unafika mahali pa kuingia na akaunti, na hakuna seva ya kukujibu. Meza yenyewe ilikuwa ukurasa wa wavuti, na ukurasa haupo tena. Mashine ni nzima, diski ni nzima, msimbo ni uleule wa 2011, ila aliyekuwa akiishikilia nusu nyingine ameondoka. Ubuntu ya mwaka huohuo kutoka kwenye ile sidii ya posta ingali inawaka na kukuruhusu uandike barua (ingawa kwa ajili ya usalama usithubutu kuiingiza mtandaoni).

ChromeOS Flex haikubali kabisa kwenye Atom N270. Inataka prosesa ya biti 64, RAM 4GB na hifadhi 16GB, na N270 ni ya biti 32. Sina lawama hapo, masharti yameandikwa wazi. Nikaiweka kwenye laptopu yangu nyingine ya inchi 11 yenye RAM 4GB, na kusema kweli ni mfumo safi. Unawaka upesi, hauingiliki ovyo, na unaweka nakala mbili za mfumo kwenye diski ili sasisho likiharibika urudi kwenye ile ya zamani. Kama shangazi yako yuko Athi River na ana faiba nyumbani, mwekee hata leo. Lakini mimi nilikuwa nikiitumia kwa hotspoti ya simu. Huku milimani 4G inakuja na kuondoka kulingana na upande wa nyumba uliokaa. Nilipoiruhusu ijisasishe ilivuta mamia ya megabaiti. Sasa fikiria mashine kumi na mbili na modemu moja, na bando linalonunuliwa na mwalimu mkuu kutoka kwenye pesa za chaki.

Wakati huu ndipo nilipokaa nikaangalia jinsi miradi iliyowahi kuwalenga wanafunzi wa Afrika Mashariki ilivyojengwa, na kitu kimoja kikajirudia. Laptopu za OLPC zilienda Rwanda zaidi ya 200,000, na mpango wake haukutegemea wingu la mbali. Ulikuwa na seva ya shule, kompyuta moja inayokaa kwenye jengo na kuhifadhi kazi za watoto. Mwaka 2015 BRCK ya Nairobi, kampuni iliyotokana na watu wa Ushahidi, ilitoa Kio Kit, sanduku gumu lenye vishikwambi arobaini na seva ndogo ndani yake, unalichaji, unalibeba, masomo yamo humohumo. Na ule mradi wa serikali? Mnakumbuka ahadi ya 2013 ya laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, zabuni ikaishia kwenye mivutano na kufutwa, kisha 2016 vikaja vishikwambi, mwishowe zaidi ya milioni moja. Watu walivicheka sana na mengine walistahili kuchekwa. Lakini kila shule ilipewa pia kifaa ambacho hakuna aliyekizungumzia, seva ya maudhui yenye ruta ya Wi-Fi. Mara tatu, watu tofauti, nchi tofauti, na kila mara wamelishusha wingu wakaliweka ndani ya jengo.

(Mnaojua jiografia ya kaunti hii mtaniambia wingu tunalo, liko Malili. Ni kweli. Konza Technopolis iko kwenye ekari 5,000 zilizokuwa ranchi ya Malili, Kibaki aliweka jiwe la msingi Januari 2013, na kituo cha taifa cha data kilichojengwa na Huawei kiko pale pale. Siku nikisafiri kwenda Nairobi basi linapita karibu nalo. Ila nyaraka za Google za mwanafunzi wa Mukuyuni hazikai pale, na hata zingekaa, kipande kigumu cha barabara ni kile cha mwisho, kutoka mnara wa simu hadi darasani. Umbali wa seva si tatizo kubwa kihivyo, kama Ujerumani ilivyotuonyesha.)

Kwa hiyo ushauri wangu kwa Mwalimu ulikuwa huu. Mashine zote kumi na mbili zinapata Debian 12 ya biti 32 na meza nyepesi ya LXDE, LibreOffice, na kivinjari cha Firefox kwa siku za mtandao. Ikiwa imetulia bila kufungua kitu, RAM inayotumika haifiki MB 300. Pembeni kuna Raspberry Pi 4 yenye diski ya nje, imeunganishwa kwa waya kupitia swichi ya bei ya chini, na inakula umeme wa betri ndogo ya volti 12 stima ikipotea. Folda ya kila mwanafunzi iko kwenye Pi, inafika kwenye mashine kwa NFS. NFS ni kitu cha Sun cha mwaka 1984, kizazi cha wahubiri walewale wa mtandao ndio kompyuta! Mwanafunzi akikaa kwenye mashine yoyote anaandika jina lake na kukuta kazi yake. Utamu wote wa Jolicloud, bila Paris. Masasisho yanavutwa mara moja na Pi kisha mashine zinagawana. Kiwix nimeiweka humo pamoja na Wikipedia nzima ya Kiswahili, na fundi mmoja wa umeme tayari amegundua makala za sayari na hataki kutoka huko.

Kuna kitu kinapotea na sitaficha. Kijana akienda kwao Kilungu hawezi kufungua barua yake ya kuomba kazi kutoka kwenye simu. Hapo wingu la kweli linashinda. Nilichofanya ni kuiacha Pi itume usiku, kwa rsync, vile tu vilivyobadilika kwenda kwenye seva ninayoilipia mwenyewe. Barua ya LibreOffice haizidi kilobaiti 20 mara nyingi. Darasa la watu arobaini wakiandika barua moja kila mtu kwa siku, jumla haifiki megabaiti moja. Bando dogo kabisa linatosha wiki. Mwalimu alipoona hesabu hiyo aliuliza swali moja tu, "Na wewe ukihama?" Nikampa neno la siri la seva na karatasi ya maelezo, na diski ya nje ya pili inayokaa ofisini kwake. Ni swali ambalo wateja wa Jolicloud walipaswa kuliuliza mwaka 2010, na sijui ni wangapi waliliuliza.

Kuhusu maisha ya mpango huu, saa inahesabu, na haihesabiwi na wingu peke yake. Chrome iliacha Linux ya biti 32 mwezi Machi 2016. Ubuntu ilianza kuondoa diski zake za biti 32 mwaka 2017. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha prosesa hizi. Firefox nayo imeziacha kwenye matoleo ya kawaida, zimebaki kwenye toleo la muda mrefu namba 140, ambalo Mozilla waliahidi kulitunza angalau hadi Septemba 2026. Debian 12 yenyewe itapata marekebisho ya usalama hadi Juni 2028. Baada ya hapo Atom hizi zitaweza kuendelea kuchapa barua na kusoma Kiwix ndani ya jengo, kwa waya, bila kutoka nje.